Majeruhi wa Alhamisi

Kila Alhamisi, saa mbili kasoro robo asubuhi, Msusi alikuwa ameshatandaza gazeti juu ya meza ya chumba cha kubadilishia nguo katika chuo cha zimamoto. Juu ya gazeti alipanga vitu vyake: kopo la mafuta ya mgando, rangi nyekundu ya keki, unga wa ngano, mkaa uliotwangwa na kuchekechwa, gundi ya kubandikia kope, na brashi nne kutoka saluni kwake. Kwa vitu hivyo aliweza kumvunja mtu mguu, mfupa ukachungulia nje, kwa dakika kumi na mbili tu, huku mdomo wake ukifanya kazi nyingine kabisa. Alijua nani kaachika, nani karudiana, na nani anajifanya karudiana. Makuruta walisema ukikaa kwenye kiti cha Msusi unaingia mzima, unatoka na kidonda na habari za mtaa mzima.

Siku hiyo zoezi lilikuwa la moto kwenye jengo la ghorofa. Mfagizi wa chuo alipewa jicho lililovimba. Mwalimu mstaafu, ambaye alipenda kupiga mayowe, aliomba kama kawaida yake jeraha la kupigia mayowe. Mke wa mlinzi alipasuliwa paji la uso. Aliyefuata kukaa kwenye kiti alikuwa amekufa miezi mitatu iliyopita, naye alikuwa mdogo wake Msusi, tumbo moja baba mmoja.

"Umechelewa," Msusi alimwambia.

"Foleni getini. Mlinzi wenu anaandika majina kama anachonga kinyago."

"Usimseme, mkewe huyo hapo. Kaa. Geuzia uso kwenye mwanga."

Mdogo mtu alicheka. Tangu utotoni walimwita Kicheko, na kufa hakukumpunguzia.

Kicheko na wenzake walianza kuja wiki ya tisa baada ya karakana ya kushona mifuko kuungua. Walikuwa tisa, wanawake wanane na mpiga pasi mmoja wa kiume. Walijipanga getini asubuhi, nguo zimenyooshwa kama siku ya kazi, wakasema wamekuja kwa ajili ya mazoezi. Mlinzi aliwaomba vitambulisho. Wakamjibu kwamba viliungua. Ikabidi amwite mkufunzi.

Mkufunzi huyo makuruta walimwita Sekunde, kwa sababu saa yake ya kupimia muda hakuiachia hata akienda msalani. Alikuja, akawatazama mmoja mmoja, akawatambua. Yeye ndiye aliyewatoa siku ile, moto ulipokwisha kuzimika, akawalaza barabarani na kuwafunika. Akasema watu wa kujitolea ni shida kupatikana siku hizi, waandikwe kwenye daftari. Mjadala pekee uliozuka ulikuwa wa chai. Mpishi alitaka kujua kama hao nao wahesabiwe kwenye vikombe. Wakahesabiwa. Hawakunywa, ila walipenda kuvishika vikombe hadi vipoe.

Tatizo lilikuwa moja: walikuwa hawana jeraha hata moja. Walikuja kama walivyokuwa asubuhi ile walipotoka majumbani mwao, na kuruta hawezi kujifunza chochote kwa mtu asiye na jeraha. Ikawa kazi ya Msusi kuwapaka. Wale wengine wanane hawakumsumbua. Huyu mmoja ndiye aliyemtoa jasho, kwa sababu siku alipoitwa hospitali kumtambua mdogo wake alimtuma shemeji, na siku ya mazishi alikataa kabisa kufunuliwa. Hakuwa anajua moto ulipita wapi.

"Hapa begani?" aliuliza, brashi ikiwa hewani.

"Hapo haukufika, dada. Nilikuwa nimejikunja."

"Umejikunja vipi?"

"Hivi." Kicheko alijikunja juu ya kiti, magoti kidevuni. Msusi alimtazama, kisha akachovya brashi kwenye mkaa ili awe na cha kutazama.

"Weka masizi puani na mdomoni. Sisi wote ni moshi tu. Watu wanadhani ni moto."

"Na mkono wa kulia?"

"Huo ndiyo. Huo upake wote. Ulishika mlango."

Msusi akaupaka wote, kuanzia vidole hadi kiwiko, huku akimsimulia habari za jirani yao aliyenunua kochi kubwa kuliko mlango wa nyumba yake. Kicheko alicheka mpaka masizi yakaharibika, ikabidi yapakwe upya.

Nyumba ya moshi ilikuwa nyuma ya uwanja, ghorofa tatu za zege zisizo na vioo. Makuruta waliingia wawili wawili wakitambaa, mitungi ya hewa mgongoni, na kila waliyemkuta walimvisha kadi. Anayeweza kutembea, kijani. Anayeweza kusubiri, njano. Wa kubebwa sasa hivi, nyekundu. Na yule ambaye kuruta amemtazama kifua sekunde kumi kisipande, akamgusa shingo pasipige kitu, huyo alivishwa nyeusi na kuachwa, kwa sababu mikono ni michache na hewa ya mtungi haingoji mtu. Ni kanuni nzuri, na Sekunde aliifundisha vizuri mno.

Kwa hiyo kila Alhamisi makuruta waliwakuta wale tisa wamelala sakafuni, wakawatazama kifua, wakawagusa shingo, wakawavisha nyeusi, wakapita. Wakapewa alama zote. Filimbi ya mwisho ikilia, wale tisa waliamka, wakajikung'uta vumbi, wakarudisha kadi kwenye sanduku kwa sababu zilitumika tena, wakasaini kwa mlinzi na kuondoka. Wiki inayofuata walirudi. Hawakusema wanataka nini na hakuna aliyewauliza. Mtu anayerudi mara nne kulala ndani ya nyumba yenye moshi anataka kutolewa.

Hawakuwa wametolewa wakiwa hai mara ya kwanza, na sababu ilijulikana na kila mtu chuoni. Gari la zimamoto lilifika karakana kwa dakika saba, wepesi ambao hata magazeti yaliusifia. Lilikuwa na maji ya dakika nne. Yakiisha hayo, gari huunganishwa na bomba la mtaani, na bomba lilikuwepo: nukta ya bluu namba kumi na saba, hatua thelathini kutoka mlango wa karakana, kwenye ramani kubwa iliyotundikwa darasani. Makuruta waliikariri ramani hiyo yote na kuifanyia mtihani. Ila mwaka uliotangulia barabara ilikuwa imewekwa lami mpya, na mtambo wa kushindilia ulipita juu ya namba kumi na saba kama ulivyopita kwingine. Wazimamoto walisimama pale pale ramani ilipowaelekeza, wakaipiga lami kwa nondo. Darasani nukta ya bluu ilibaki ilipo. Chuoni tangi lilikuwa limejaa muda wote, na maji yaliyobaki baada ya mazoezi yalimwagiliwa majani.

Mpiga pasi ndiye aliyegundua njia. Alikuwa mtu mkimya, wa kutazama sana. Aliona kwamba mfagizi, ambaye anapumua kama wewe na mimi, alibebwa mbio kwenye machela kila wiki kwa sababu alivaa shingoni kadi ndogo nyeupe iliyosema anapumua mara thelathini na nne kwa dakika. Ndivyo mazoezi yalivyo: mtu mzima hawezi kuigiza mapigo ya moyo, kwa hiyo hali yake inaandikwa, na kuruta anatakiwa aamini maandishi kuliko kifua. Kadi hizo aliziandika Msusi, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Wale tisa hawakuwahi kuandikiwa. Sekunde alisema kadi ni za wasioonyesha hali zao, na hao wanaionyesha.

"Mama," mpiga pasi alisema akiwa kwenye kiti, "na mimi niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Chochote kinachobebwa."

Msusi alimtazama, akatazama mlangoni, akaandika. Mpiga pasi alishushwa kwa dakika tatu na sekunde arobaini, akalazwa kwenye majani na kufunikwa blanketi. Kuruta aliyembeba, msichana mrefu mwenye mikono mikubwa, alimwuliza anaumwa wapi.

"Saa hizi hapana," alijibu. "Nina kiu tu."

Alimpa chupa ya maji. Akainywa yote. Kuruta alipogeuka kuita machela nyingine, blanketi lilikuwa limelala bapa juu ya majani. Akaripoti kwamba amepoteza majeruhi. Sekunde alisimama juu ya blanketi muda mrefu kwa mtu wa aina yake, karibu dakika nzima, kisha akaandika kwenye fomu: Ameruhusiwa. Alikuwa anaujua mwandiko wa ile kadi nyeupe. Aliitia mfukoni.

Alhamisi iliyofuata mpiga pasi hakuja. Washonaji wawili wakaomba kuandikiwa, wakaandikiwa. Wiki nyingine wawili tena. Waliaga kwa kushikana mikono, wengine wakamwachia Msusi salamu za kupeleka majumbani, naye alizipeleka zote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuzitia chumvi. Chumba kikaanza kupwaya. Vikombe vya chai vikapungua mezani. Msusi alikuwa mtu wa nyumba iliyojaa. Kwake wageni walikula kwa zamu kwa sababu sahani hazikutosha, na akikosa wa kuongea naye aliongea na redio. Sasa kila Alhamisi alihesabu waliobaki na kuanza kupaka polepole.

Kicheko hakuandikiwa. Wiki moja kalamu ilikuwa imeisha wino. Wiki nyingine kadi zilikuwa zimeisha, ingawa boksi lilikuwa chini ya meza na kila mtu aliliona. Wiki ya tatu Msusi alisema zoezi ni la ajali ya magari na mtu wa moto hafai kuingizwa kwenye gari. Kila mara Kicheko alikubali, akapakwa, akaenda kulala kwenye zege, akavishwa nyeusi. Kila mara Msusi alirudi saluni akiwa amemsikia mdogo wake akicheka wiki hiyo, na hilo likamtosha mpaka wiki nyingine.

Ikafika Alhamisi ambayo mshonaji wa mwisho hakuja. Kicheko aliingia peke yake, akakaa.

"Leo niandikie, dada."

"Masizi kwanza."

"Masizi yapo. Niandikie."

Msusi alilifunga kopo la mafuta, akalifungua, akalifunga. Mke wa mlinzi na mfagizi walikuwa kwenye benchi, na mwalimu mstaafu alikuwa anajaribu sauti yake dirishani. Wote watatu wakakumbuka shughuli zao nje.

"Unakumbuka ulinipigia simu," Msusi alisema.

"Nakumbuka."

Saluni ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana. Kicheko alipiga akauliza: ngazi zimejaa moshi, tupite hivyo hivyo au tusubiri? Na Msusi, ambaye kwa miaka minne alipaka vidonda huku akisikia kupitia ukuta somo la kupokea simu za dharura, alijibu kama lilivyofundishwa. Msishuke. Kaeni hapo hapo. Gari limefika, nawaona wanashusha mpira wa maji.

"Lilikuwa limefika?" Kicheko aliuliza.

"Lilikuwa limefika. Na mpira walikuwa wanashusha."

"Basi hukunidanganya."

"Sikukudanganya."

"Ndivyo nilivyowaambia wenzangu. Nikawaambia, dada yangu ni mtu wa zimamoto, akisema tukae, tukae. Kulikuwa na mmoja alikuwa ameshaingia kwenye ngazi, yule mwenye pengo. Nikamvuta kwa mkono huu." Aliunyanyua mkono wa kulia, ambao ulikuwa bado haujapakwa. "Nikamrudisha ndani, nikafunga mlango."

Msusi akaiweka brashi chini.

"Wewe ulidhani unanichelewesha," Kicheko aliendelea. "Mimi ndiye nilikuwa nangoja. Ningetokaje kabla yao? Yule mwenye pengo ametoka wiki iliyopita. Sasa sina ninayemngoja."

"Na mimi Alhamisi nikae na nani?"

"Wewe? Wewe lini umekosa watu?"

Wakacheka wote wawili, kidogo. Kisha Msusi akaupaka ule mkono, vidole hadi kiwiko, akauchukulia muda wake, akajifuta vidole na kuandika. Anapumua mara thelathini na mbili kwa dakika. Mapigo ya moyo mia na thelathini. Anajibu akiitwa. Chini, palipoachwa kwa maelezo mengine, akaandika: Asiachwe peke yake. Akamvalisha kadi shingoni, akamrekebisha kola ya gauni.

Halafu akatoka kwenda kumtafuta Sekunde.

"Afande, leo nani anaigiza ndugu?"

Katika kila zoezi kulikuwa na mtu wa kuigiza ndugu wa majeruhi. Kazi yake ilikuwa kulia nyuma ya utepe na kujaribu kuuvuka, ili makuruta wajifunze kumzuia bila kumwumiza. Kwa kawaida alikuwa ni mpishi, ambaye alilia vibaya.

"Mpishi," Sekunde alisema.

"Niweke mimi."

Sekunde alimtazama, akatazama saa yake. "Simama kona ya kushoto," alisema. "Unaruhusiwa kuanza wakimlaza chini. Kabla ya hapo hapana."

Moshi uliwashwa saa tatu kamili. Msusi alisimama nyuma ya utepe, mikono bado ina mkaa. Aliona makuruta wakiingia. Mwalimu mstaafu alipiga mayowe yake yote, akabebwa. Mfagizi akabebwa. Dakika ya tatu, kuruta mrefu na mwenzake walitokea kwenye mlango wa chini na machela, na juu yake mkono mmoja mweusi ulikuwa umeshika ukingo kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kuanguka. Kadi iliyoning'inia shingoni ilikuwa nyekundu.

Wakamlaza kwenye majani. Msusi akauvuka utepe.

Hakuwa ameenda hatua nne alipokumbatiwa kiunoni na kuruta mnene, kijana mpole ambaye dada yake alisukwa na Msusi kwa ajili ya harusi.

"Mama, tafadhali rudi nyuma ya utepe."

"Yule ni mdogo wangu."

"Najua, mama. Tunafanya kila tunaloweza."

"Niache niende, mwanangu. Ni pale tu. Dakika moja."

"Mama, wenzangu wako naye. Vuta pumzi. Nitazame mimi." Alisema maneno yote, kwa mpangilio wake, kwa sauti ya chini kama alivyofundishwa. Alimshika mahali panapotakiwa, chini ya kwapa na kiganjani, asimwumize. Msusi alisukuma kwa nguvu zake zote. Kijana akajiegemeza kwake, akashikilia.

Juu ya bega la kijana aliona Kicheko akiulizwa jina lake, akalitaja. Akamwona akiinuliwa kichwa na kupewa chupa ya maji. Alikunywa kwa pupa, maji yakamwagika kidevuni yakateremka na masizi, ikaonekana ngozi. Chupa ilipokwisha aliwatazama watu wa upande ule, kisha wa upande huu, kama mtu anayetafuta wake aliyekuja naye. Msusi alimwita kwa jina lake la nyumbani. Mwalimu mstaafu alikuwa bado anapiga mayowe, na haikujulikana kama alisikia. Kuruta mrefu alilivuta blanketi vizuri, akainama kumfunga lebo mguuni, na hakukuwa na mguu.

"Ameruhusiwa, mama," kijana alisema, bado amemshika.

"Nimeona."

Sekunde akapuliza filimbi. Yule kijana alipewa alama zote kwa kumzuia ndugu, na ikaandikwa kwamba alifanya hivyo kwa heshima.

Jioni hiyo Sekunde aliandika barua kwa wakubwa. Ilikuwa ya tano. Alieleza tena habari za namba kumi na saba, na za nyingine alizokwenda kuzitafuta mwenyewe kwa miguu, ramani mkononi, akazikuta ziko chini ya lami, chini ya vibanda na chini ya ukuta wa benki. Aliambatanisha majina tisa. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, likiwa limepigwa muhuri mara mbili. Wakubwa walimshukuru kwa bidii yake. Suala la mabomba lingeangaliwa wakati mwafaka. Hata hivyo walikuwa wameona kwenye daftari kwamba majeruhi wa Alhamisi wanaongezeka, na kwa kutambua hilo wameidhinisha chumba cha pili cha kusubiria, chenye viti ishirini.

Kweli walikuwa wanaongezeka. Wiki mbili baada ya Kicheko walikuja wanne wa ghala la magodoro. Kisha mvua ikanyesha siku tatu, mfereji ukafurika, na getini wakajipanga kumi na mmoja waliolowa, miongoni mwao mama mmoja aliyekuwa amebeba ndala zake mkononi. Sekunde aliibadilisha ratiba, zoezi la kamba na mtumbwi likawahishwa wiki mbili ili wasingoje sana. Mpishi aliongeza vikombe.

Msusi aliulizwa kama anamjua mtu mwingine anayeweza kupaka, maana kazi imekuwa kubwa. Akasema mikono yake inatosha. Alihamishia meza yake katika chumba kipya, akatandaza gazeti, akapanga mafuta, rangi, unga, mkaa na gundi, akaongeza kopo la tope. Chumba kilijaa mpaka wengine wakasimama. Waliongea kwa pamoja, wakauliziana majirani, mmoja akatania kwamba hajawahi kuoga muda mrefu namna ile. Mfagizi alisubiri Msusi naye aseme lake, kwa sababu ndiye aliyekuwa na habari za wote, lakini Msusi hakuwa na umbea siku hizo. Aliandika kadi zote kwanza, ishirini kasoro tano, za waliokuwepo, akazipanga pembeni. Ndipo alipomkalisha mama mwenye ndala, akamgeuzia uso kwenye mwanga na kuchukua brashi.

"Nianzie wapi?" aliuliza.

Yule mama akamwonyesha.